Mgonjwa wa Wimbo wa Mbu

Kwenye wimbo wa mbu, mjukuu wangu ndiye aliyekuwa mgonjwa. Hilo nalisema mapema, na lile jingine nalisema mapema pia, maana sipendi kumzungusha mtu: mtoto huyo hatunaye tena. Kama unatafuta hadithi ya kukuchekesha, nenda nyumba ya pili. Hapa utakaa na mimi barazani, pembeni ya cherehani yangu, nikueleze jinsi wimbo ulivyoingia nyumbani kwetu, ukatutawala, ukafukuzwa, halafu ukarudi.

Mtaani walimwita Chiriku. Jina hilo alilipata kabla hata hajaanza shule, kwa sababu ya domo lake. Ukimtuma chumvi dukani, anarudi na chumvi pamoja na habari za ugomvi wa mwenye duka na mkewe, nani alianza na nani alilia. Mama yake ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Zamu zake hazieleweki, leo asubuhi, kesho jioni, na siku nyingine anarudi amechoka, unga bado uko kwenye nyusi. Kwa hiyo Chiriku alishinda na mimi. Alikaa chini ya meza ya cherehani akiokota vipande vya vitambaa na kunichosha kwa maswali, na nilikuwa namwambia kila siku, nyamaza kidogo basi, masikio yangu si ya serikali. Sasa yamepumzika. Nayachukia yalivyopumzika.

Mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa binti mdogo, mwembamba, ametoka chuoni juzi juzi, viatu vyake bado vinang'aa. Shule haikuwa na ala hata moja, lakini huyo binti hakungoja kuletewa. Ngoma yake ilikuwa ndoo tupu ya rangi aliyoipindua kichwa chini. Njuga zake zilikuwa vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye waya. Kila kitu alikifundisha kwa kuimba, kuanzia kujumlisha mpaka kufunga kamba za viatu, na mvua zilipokaribia akatunga wimbo wa mbu. Nauweka hapa kama Chiriku alivyouimba, maana niliusikia mpaka nikauota.

Mbu, mbu, wazaa wapi?
Kwenye kopo lenye maji.
Mbu, mbu, waingia lini?
Jua likishazama.
Mbu, mbu, wamuuma nani?
Asiyelala ndani ya neti.

Hapo mbu wanakuja wakivuma, wanamzunguka mtoto aliyelala kwenye mkeka, wanamchoma kwa vidole. Mtoto anaanza kutetemeka. Darasa zima linamuuliza: Mgonjwa, mgonjwa, unasikiaje? Naye anajibu peke yake: Nasikia baridi, jamani, nasikia baridi. Wanamuuliza tena: Tukupeleke wapi? Anajibu: Zahanati. Leo, si kesho. Basi wanambeba mpaka kwa daktari, mtoto mmoja mnene aliyevaa shati jeupe la baba yake. Daktari anamtoboa kidole, anapima damu, anampa dawa, na mgonjwa anaruka juu akicheza, Nimepona, nimepona, huku ndoo ya rangi ikipigwa kama ya harusi.

Mabawa ya mbu niliyashona mimi, kwa mabaki ya kitambaa cheusi cha bitana. Watoto walipoyaona, kila mmoja akataka kuwa mbu. Chiriku alirudi nyumbani siku hiyo amenuna, mdomo umevutwa mpaka sakafuni.

"Nimepewa mgonjwa," akasema. "Mgonjwa analala tu kwenye vumbi."

"We mjinga," nikamwambia. "Mbu ni wengi, mgonjwa ni mmoja. Bila mgonjwa hao mbu wangemuuma nani? Ndoo?"

Akafikiri, akakubali. Lakini alikuwa na tatizo moja, hakuweza kutetemeka. Kila mbu walipomgusa mbavuni alicheka mpaka mkeka ukakunjamana. Mwalimu akamwambia afanye mazoezi nyumbani. Mwalimu alivyosema ndivyo ilivyokuwa, kwa Chiriku neno la mwalimu lilishinda langu na la mama yake yakijumlishwa. Akawa anafanya mazoezi asubuhi akioga, jioni akila, na mimi nikiwa na mteja anayepimwa gauni. Anajitupa tu popote, anatetemeka, anasema, "Nasikia baridi, jamani." Na sisi, mama yake na mimi, tukawa tunamwitikia kama darasa. "Tukupeleke wapi?" "Zahanati. Leo, si kesho." Kisha tunacheka wote watatu. Ukawa ndio mchezo wa nyumba yetu.

Na asidhani mtu kwamba ulikuwa mchezo mtupu. Wimbo ulitubadilisha kweli. Huyo mtoto alipita uani kila jioni akimwaga maji. Alimwaga kwenye makopo, alimwaga kwenye matairi ya jirani yetu fundi baiskeli, alimwaga mpaka maji ya kuku. Kuku wangu walikuwa wananitazama kwa lawama. Fundi baiskeli akimwona anakuja, anasimama wima na kusema, "Afisa afya, karibu ukague." Chandarua nilichokuwa nimekikunja juu ya kabati kwa sababu kinaleta joto, alinilazimisha nikifunge, na yeye mwenyewe akakipachika pembe zake chini ya godoro, akiimba. Kwa nini basi, nilimuuliza nesi baadaye, kwa nini yeye? Nesi alisema chandarua kinamlinda aliye ndani yake, na mbu hamngoji mtu akalale. Mtoto anacheza nje jua likizama, anakaa barazani na bibi yake akimngoja mama atoke zamu. Mbu angeweza kumuuma wakati wowote, mahali popote. Hilo jibu silipendi, lakini ndilo nililopewa.

Siku moja kabla ya siku ya wazazi, ambapo darasa lingeigiza wimbo mbele yetu, jioni, nilikuwa namalizia bawa la mwisho. Mama yake alikuwa jikoni anakatakata vitunguu. Chiriku alikuja akaegemea mguu wa cherehani, akaweka shavu lake juu ya goti langu.

"Bibi," akasema, "nasikia baridi."

Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Mama yake ndiye aliyemwitikia kutoka jikoni, kwa sauti ya kuimba, "Tukupeleke wapi?"

Mtoto akasema polepole, bila kuimba, "Zahanati. Leo, si kesho."

"Haya, sasa ameweza," mama yake akaniambia, akicheka. "Umemsikia, mama? Ameweza bila kucheka."

Na kweli alikuwa ameweza. Nikatoa pini mdomoni, nikampa hongera yake.

Asubuhi hakutaka chai. Nikasema ni mchecheto, mtu anayekwenda kusimama mbele ya watu atakunywaje chai. Mwili wake ulikuwa na joto nilipomvalisha, nikasema ni mbio zake. Mama yake alikuwa ameshaondoka, zamu ya asubuhi, msimamizi alikataa kumwachia hata saa moja. Tukatoka, mimi nimebeba mabawa kwenye mfuko, yeye amenishika kidole. Njia nzima hakuniuliza swali. Nilifurahi kwamba leo ametulia.

Uwanja wa shule ulijaa. Wazazi tulikaa kwenye madawati yaliyotolewa madarasani, magoti yametufika kidevuni. Mwalimu akapiga ndoo, mbu wakaingia wakivuma na mabawa yangu, watu wakacheka kwa raha. Wakamzunguka Chiriku kwenye mkeka. Halafu akaanza kutetemeka.

Sijawahi kuona mtoto akitetemeka vile. Meno yalikuwa yanagongana, tuliyasikia mpaka nyuma. Miguu ilikuwa inachapa mkeka. Mzee mmoja akasema, "Huyu mtoto ana kipaji," na makofi yakaanza. Tulipiga makofi wote. Mama mmoja alinigusa bega akaniuliza kama ni wa kwangu, nikasema ndiyo, ni wa kwangu, na nikapiga kwa nguvu zaidi ili ajue.

Darasa likauliza, Mgonjwa, mgonjwa, unasikiaje? Akajibu, lakini kwa sauti ndogo sana, waliokaa mbele tu ndio waliosikia. Wakauliza, Tukupeleke wapi? Hapo hakujibu. Watoto wakafikiri amesahau, wakamjibia wenyewe, wakambeba mpaka kwa daktari mnene. Daktari akamtoboa kidole kwa njiti, akampa dawa ya chaki. Ndoo ikaanza kupigwa ile ya kupona. Mgonjwa hakuruka. Ndoo ikarudia. Watu wakacheka, mtoto mtundu huyu, anataka kubembelezwa. Mwalimu akacheka pia, akamsogelea akipiga ndoo kwa mkono mmoja, akainama, akamshika paji la uso. Ndoo ilimponyoka, ikabingirika mpaka miguuni mwa wazazi. Ndipo nikasimama.

Zahanati haiko mbali na shule. Mwalimu alimbeba yeye mwenyewe, akikimbia na vile viatu vyake mkononi, mimi nyuma, watoto wenye mabawa nyuma yangu mpaka tulipowafukuza. Nesi alimtoboa kidole, safari hii kwa sindano ya kweli, na Chiriku hakushtuka. Kipimo kikaonyesha malaria, na nesi hakungoja kukitazama mara mbili. Akawa anamdunga sindano huku ananiuliza.

"Alianza lini kusema anasikia baridi?"

Ningemjibu nini? Mtoto huyu amesema anasikia baridi kila siku tangu mvua zianze. Nikamtazama mwalimu, naye ananitazama, na nikaona tumeelewa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

"Jana," nikasema. "Nafikiri jana."

Gari la wagonjwa likatupeleka hospitali kubwa. Mama yake alitukuta huko, bado na kofia ya kiwandani kichwani. Walimtundikia dripu, wakamwekea damu, wakamfunga mpira wa kupumulia. Degedege lilimshika mara mbili. Kesho yake mchana, jua limewaka, watu wananunua maembe nje ya geti kama siku yoyote, mtoto wangu akakata roho. Sina maneno mengine ya hapo. Nimeyatafuta, sina.

Tulipotoka, mama yake akasimama kwenye korido akaniuliza, "Ni kweli mlimpigia makofi?"

"Ni kweli."

Nilitegemea anitukane. Ningefurahi angenitukana. Akavua ile kofia, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. "Alinijibu, mama," akasema. "Nilimuuliza tukupeleke wapi, akanijibu. Leo, si kesho. Akanijibu kabisa."

Baada ya mazishi hakuzungumza tena mambo hayo, wala mengine. Alikwenda zamu, akarudi, akala kidogo, akalala. Mimi niliingia uani kutafuta kopo. Nilitaka nilipate hilo kopo lenye maji, nilione kwa macho, nilipige teke. Nilipekua nyuma ya choo, chini ya banda la kuku, kwenye matairi ya fundi baiskeli. Hakuna kitu. Pote pakavu. Mtoto alikuwa ameshamwaga yote. Nikakaa chini pale pale kwenye matairi nikalia mpaka fundi akafunga kazi, akaja akakaa na yeye.

Mwalimu alikuja. Alikuja na ile ndoo ameifunga kwenye kitambaa, sijui kwa nini aliibeba, labda hakujua pa kuiacha.

"Shikamoo, bibi."

Sikuitikia. Wewe fikiria, mimi mtu mzima, nimeamkiwa nyumbani kwangu na sikuitikia. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia ulimfundisha mjukuu wangu kuugua, akajifunza vizuri sana, sasa umeridhika? Nikamwambia watoto wa watu si vikaragosi vya kuchezea mbele ya wageni. Nikamwambia chukua ndoo yako uende ukapake rangi. Alisimama akayapokea yote, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, na hakujitetea hata kwa neno moja. Angejitetea ningemwelewa. Alipofika barabarani niligundua kwamba amevaa kandambili. Vile viatu vinavyong'aa aliviacha zahanati siku ile na hakuvirudia.

Mwalimu mkuu akapiga marufuku wimbo. Nilisikia nikasema vizuri. Mtaa mzima ukawa kimya, na nilijidanganya kwamba kimya hicho ni heshima.

Sasa fundi baiskeli ana binti, rika la Chiriku, darasa moja. Meno ya mbele yote yalikuwa yameng'oka, tukamwita Kibogoyo. Kwenye wimbo alikuwa mbu. Baba yake alimleta kwangu nimpunguzie sketi ya shule, maana alikuwa amekonda ghafla na sketi inamvuka. Nilimsimamisha juu ya stuli, nikazungusha futi kiunoni. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama pasi. Nikamgeuza uso. Alikuwa ameuma meno, yale ya pembeni aliyobaki nayo, ameyauma kabisa, na taya linacheza.

"Mwanangu," nikasema, "unasikia baridi?"

Akatikisa kichwa, hapana. Machozi yakaanza kumtoka. Mkono wake, niliposhika, ulikuwa unatetemeka, akauficha nyuma.

"Niambie ukweli. Sikugombezi."

"Sitaki kusema," akasema.

"Kwa nini?"

"Ukisema unasikia baridi, unakufa. Chiriku alisema, akafa." Kisha akalia kwa sauti, akashuka kwenye stuli akanikumbatia kiunoni, joto lake likanipenya mpaka ndani ya gauni. "Na mimi ndiye niliyemuuma, bibi. Nilikuwa mbu. Nilimuuma hapa," akanionyesha ubavuni, "kwa nguvu, ili asicheke."

Nilikuwa nimekaa na uchungu wangu nikidhani ni mali yangu peke yangu, kumbe huyu mdogo kajitwisha wake, anautembeza shuleni na kurudi, na hakuna mtu mzima aliyemuuliza. Nikamwambia hukumuuma, mama, ule ulikuwa mchezo, mbu wa kweli ni mdogo kuliko ukucha wako. Sikumaliza kusema, nilikuwa nimeshambeba. Miguu yangu hii inayoniuma kila ninapokanyaga cherehani, sikuisikia. Baba yake, aliyekuwa amerudi kwenye kazi yake, alinikuta njiani akampokea, tukaingia zahanati tukihema. Nesi akatoboa kidole. Malaria, akasema, lakini mmewahi. Akampa dawa pale pale, akatueleza namna ya kuzimaliza zote hata akichangamka. Mmewahi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalirudia neno hilo. Nililionea wivu, Mungu anisamehe, mtoto wa mwenzangu amepona na mimi nimekaa kwenye ngazi naona wivu.

Jioni nilimweleza binti yangu. Alikuwa anavua viatu vya kazi. Nilimweleza yote, meno yaliyoumwa, na kwamba watoto wa darasa zima wanaamini neno hilo linaua, kwa hiyo hawalisemi tena, wakiugua wananyamaza. Nikamwambia nadhani wimbo urudi, lakini bila ruhusa yako sitafungua mdomo. Wewe ndiye mama yake.

Alivua kiatu cha pili, akakikung'uta unga sakafuni.

"Wauimbe," akasema. "Ila yule anayeuliza, asikilize jibu."

Kisha akalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia tangu hospitali. Nilimshika kichwa nikakiweka mapajani, kama alipokuwa mdogo, unga ukanichafua gauni, tukakaa hivyo mpaka akapitiwa na usingizi.

Nilikwenda shuleni nikamtafuta mwalimu. Safari hii mimi ndiye niliyesimama mlangoni sijui pa kuweka mikono. Nikampa maneno ya binti yangu kama yalivyo. Nikamwambia pia kwamba salamu yake ya siku ile nimekuja kuiitikia. "Marahaba," nikasema. Alifunika uso kwa daftari akatoka nje kidogo. Aliporudi alikuwa ameshafikiri. Akasema wimbo utabaki, ila hakutakuwa na mgonjwa tena. Hakuna mtoto atakayelala kwenye mkeka kuigiza baridi. Lile swali ataliuliza yeye mwenyewe, kila asubuhi, kwa mtoto mmoja mmoja, na kila mmoja atajibu ukweli wake. Akaenda kumweleza mwalimu mkuu, sijui alimwambia nini, lakini alirudi amekubaliwa. Nami nikampa kitu nilichokuja nacho kwenye mfuko, vile viatu vyake. Nesi alikuwa amevihifadhi chini ya meza muda wote huo.

Akanialika nije nisikilize. Nilikataa mara kadhaa. Mwishowe nikaenda, kwa sababu Kibogoyo alinijia mlangoni asubuhi, amepona, ananuka sabuni, akanishika kidole akanivuta.

Darasa lile ni dogo, madirisha yake hayana vioo. Watoto wanakaa kwenye mikeka, kwa mistari. Wamejaa, hakuna pa kuweka hata kikapu, lakini kwenye mstari wa pili karibu na ukuta palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja, na hakuna aliyesogea kuijaza. Kibogoyo akanikalisha hapo. Mwalimu akaniona nimekaa wapi. Akapiga ndoo.

Waliimba kuhusu kopo, waliimba kuhusu jua likizama, waliimba kuhusu neti. Sauti zilikuwa chini kuliko zamani. Kisha mwalimu akaanza kupita, anapiga ndoo taratibu, anainama kwa kila mmoja. Mwenzangu, mwenzangu, unasikiaje? Mzima. Mwenzangu, mwenzangu, unasikiaje? Mzima, lakini jino linauma. Mzima. Anamgusa kila mmoja paji la uso kwa nyuma ya mkono, kisha anakwenda kwa anayefuata. Akamaliza mstari wa kwanza. Akaja wa pili. Kibogoyo akasema mzima, akaonyesha meno mapya yanayochomoza.

Halafu akanifikia mimi. Nilidhani atanipita, mimi si mwanafunzi wake. Labda alikusudia kunipita. Lakini watoto ndio walioimba, wote, maana zamu ilikuwa imefika mahali hapo na wao walijua zamu hairukwi.

Bibi, bibi, unasikiaje?

Nilikuwa nimejikaza siku zote mbele ya watu. Msibani nilijikaza, wakati wa kushona nilijikaza, wateja waliponipa pole niliwaambia namshukuru Mungu, tunaendelea. Ningesema mzima wakaenda zao. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikatazama ule mkeka niliokalia, ulivyolegea katikati.

"Baridi," nikasema. "Nasikia baridi, wajukuu zangu."

Mkono wa mwalimu ukasimama juu ya ndoo. Watoto wakageuka wote kunitazama, na kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, wakaniuliza kwa sauti ndogo, Tukupeleke wapi?

Baridi ya namna hii haina zahanati. Kibogoyo akasogea akaniegemea ubavuni, kisha wa nyuma yake akasogea, kisha mwingine. Hakuna aliyepiga makofi.